Mkopo wa Baba kwa Kitambulisho Changu

Karatina, Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima haujaonekana wiki nzima. Nimefunga duka la maziwa mapema.

Jana sacco yetu ilininyima mkopo wa friji. Karani alinigeuzia kompyuta akasema, "Madam, uko CRB, kwa orodha ya wasiolipa mikopo. Kuna loan ya simu ya mwaka jana hujalipa." Nikabisha kama mwehu. Mimi na mikopo ya simu wapi na wapi? Wanaokopa nilikuwa nikiwacheka.

Leo nimepata ripoti yenyewe. Laini ya simu inayodaiwa ni ya marehemu Baba.

Niliisajili kwa kitambulisho changu baada ya chake kupotea, naye akachoka kufuatilia kingine kule Nyeri. Kwetu Chaka, nani hajamsajilia mzazi laini?

Orodha ni ndefu. Kila Machi, wakati wa kupanda viazi, alikopa. Kila Januari, ndugu yangu akirudi shule, alikopa. Yote alilipa kabla ya siku kufika. Kumbe miaka hiyo yote jina langu lilikuwa safi kwa jasho lake, nami sikujua.

Isipokuwa mkopo wa mwisho.

Tarehe yake naijua. Ni ile Alhamisi aliyonipigia akikohoa: "Maitũ, niko na homa. Huna pesa kidogo ya daktari?" Aliniita Maitũ, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nikamwambia sina.

Nilikuwa nazo.

Nilikuwa nimeziweka za kusuka nywele, maana Jumamosi kulikuwa na harusi. Jioni akaniandikia, "Nimepata." Sikuuliza amepata wapi. Wiki iliyofuata tulimzika, nikiwa na nywele hizo hizo kichwani.

Mchana nimelipa deni. Simu yake bado naichaji, huwa inakaa kaunta, ila jumbe zake sikuwahi kuzifungua. Ikalia mbele ya wateja, nikausoma ujumbe: "Asante. Sasa unaweza kukopa tena." Hapo ndipo nilipofunga duka.

Karani anasema nikikopa kidogo kidogo na kulipa kwa wakati, alama zangu zitapanda polepole. Nitafanya hivyo, vile Baba alivyofanya. Cheti cha kuonyesha sidaiwi kitatoka siku chache zijazo, nitakipeleka sacco.

Na cheti cha ile Alhamisi, nikakiombe wapi?