Orodha ya Waliocheka

Mtani wangu Mwajuma,

Juzi ulikuja sokoni kwetu Kanyenye, ukamwambia Mama Salome kwamba mchele wake una mawe kuliko barabara ya Nzega. Mnyamwezi mwenzangu yule akacheka mpaka akakuongezea kibaba. Kisha ukaniona mimi. "Habari za kazi, dada?" ukauliza, kwa adabu kabisa. Wewe Mzaramo, kumpa Mnyamwezi adabu! Nilirudi nyumbani nikalia kwa wivu. Nilimwonea wivu muuza mchele kwa sababu yeye alitukanwa.

Unakumbuka msiba wa baba? Ulikaa ukingoni mwa kaburi na jembe la watu mkononi, ukagoma asizikwe mpaka tukiri mbele ya padri kwamba alikuwa bahili. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Ndiyo maana kampuni ile ya kigeni ilipotuajiri kukagua maandishi ya Kiswahili kwenye mtandao wake, tuliiweza kazi. Tulijua utani ni upi na tusi ni lipi.

Halafu serikali moja ya ugenini ikadai majina ya wanaomcheka rais wao, la sivyo mtandao ufungwe nchini kwao. Wakubwa wetu hawakutaka kupoteza soko. Wakatuletea orodha, tuweke alama kwa kila mwenye dhihaka. Nilikwambia tukikataa, mtandao utafungwa na wote watakosa pa kusemea. Hata leo naona hoja ile ina uzito. Wewe ulifunga kompyuta ukasema, "Mtani, babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka kwetu pwani, lakini mzigo ukiwazidi waliutua." Ukahamia Nzega kuuza mbegu.

Mimi niliweka alama. Wawili kati ya wale hawajaandika neno tangu hapo, na kila asubuhi nafungua kurasa zao kuangalia. Nakuonea wivu, Mwajuma. Wewe asubuhi unafungua duka tu.

Jana ilikuja orodha ya pili. Nimewajibu kwamba siwekei alama hata jina moja, watafute mtu mwingine. Usinisifu. Sijui kama nimekataa kwa ajili ya watu wale, au kwa sababu siwezi kuvumilia wewe uwe msafi peke yako.

Nisalimie Nzega.

Mtani wako, kama hujaniacha