Mkate wa Machi Ishirini na Tano

7 Sheep Street,
Market Ellerby,
Uingereza.

29 Machi, 1987

Mpendwa Mjomba Cyril,

Shikamoo mjomba. Ni mimi mpwa wako Avis. Kabla ya yote niambie, goti linaendeleaje? Na Mkazamjomba Noreen, kile kikohozi kimemwachia? Huko Tasmania nasikia joto ndiyo kwanza linapungua, nasi huku ndiyo kwanza tunavua soksi za sufu.

Sisi tu wazima. Mama ametimiza miaka themanini na minne, anatembea kwa fimbo, lakini ulimi wake haujaota kutu hata kidogo. Juzi amemwambia mwuza samaki kwamba samaki wake ni wakubwa kuliko yeye kwa umri.

Sasa kaa chini, mjomba. Ni habari ya ule mkate.

Najua hujausahau. Ulikuwa na miaka sita siku Bibi Ruth, mama yenu, mumewe amekufa vitani hata mwaka haujaisha, alipojipanga mlangoni pa kanisa pamoja na wajane wengine wa ukoo wa Keld kupokea mkate ambao mzee Ambrose Keld aliwaachia kwenye wasia wake, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mzee wa kanisa wa wakati huo akamtoa mstarini mbele ya soko zima. Wasia unasema mkate ni wa kizazi cha ndoa, na babu yetu Abel, kwa maneno ya mzee huyo, alibatizwa Februari 1741 ilhali wazazi wake walioana Juni 1741. Basi sote tuliotoka kwa Abel tukawa uzao wa haramu, na uzao wa mdogo wake, akina Pruett, wakaendelea kula.

Maud Pruett naye hakutuacha tusahau. Kila siku ya soko akimwona Mama penye meza ya jibini hupaza sauti: “Hester! Mkate wako bado uko tanurini?” Mama humjibu: “Wako umekunenepesha, Maud, sikuonei wivu.” Watu hucheka. Lakini akifika nyumbani hujifungia chumbani, na akitoka macho ni mekundu.

Basi huyu dada yako, mjomba, ni mtu wa ajabu! Majira matatu ya baridi, kila Jumanne, amekwenda kanisani kusoma vitabu vya ubatizo na ndoa. Bwana Tunnicliffe, mzee wa kanisa wa sasa, humwashia jiko na kumfungulia sanduku la chuma. Nilimwambia Mama ajiokolee macho, asome ile orodha safi aliyoinakili kasisi mmoja miaka mia iliyopita, ambayo mji mzima huitegemea. Akanikata kauli: “Nakala ni maneno ya mtu. Nataka kukutana na karani mwenyewe aliyeandika.” Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Na karani huyo, laiti ungeona kazi yake! Wino umegeuka rangi ya chai, jina lake hatulijui, lakini hakuruka mtoto hata mmoja, awe wa tajiri au wa mwombaji.

Jumanne moja ya Novemba nilikuwapo. Mama alikuwa akifuata mistari kwa kidole: ndoa ya wazazi wa Abel, Juni 1741. Julai, Agosti, mpaka Desemba. Kisha Januari, kisha Februari na ubatizo wa Abel, na mwaka bado ni 1741 vilevile. Mwaka 1742 haukuanza mpaka mwishoni mwa Machi.

“Karani alikuwa amelewa, Bi Hester,” akasema Tunnicliffe. “Alisahau kubadili mwaka.”

Mama akafunua nyuma. Hali ileile. Akafunua nyuma zaidi. Ileile. “Alilewa miaka yote hii na mwandiko umenyooka hivi? Hebu nijibu wewe. Mkate wa Keld kwa nini hutolewa Machi ishirini na tano?”

“Ndiyo desturi.”

“Desturi ya nini?”

Mzee akavua miwani. Kisha akasema polepole, “Zamani zile mwaka mpya ulianza siku hiyo.”

Loo! Mjomba, unaona? Februari yao ya 1741 ilikuja baada ya Juni yao ya 1741. Yule kasisi aliyenakili aliipanga miezi kwa hesabu yetu ya leo, Januari kwanza, akamtupa Abel mbele ya harusi ya wazazi wake. Na mji mzima tukagawa mkate kila mwaka mpya wa kale bila mtu kuuliza kwa nini siku ile.

Tunnicliffe akahesabu kwa vidole. “Lakini Juni hadi Februari ni miezi minane tu.”

“Mtoto alikuwa na haraka,” akasema Mama, “ila pete ilimtangulia.”

Wazee wa kanisa waliketi mara mbili, wakakubali. Jumatano iliyopita Mama, naye sasa mjane, alivaa koti jeusi la Bibi Ruth, lile alilovaa siku alipotolewa mstarini, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Nilikuwa nimemshika mkono. Maud Pruett alikuwa wa kwanza kama kawaida yake. Akageuka.

“Hester, unangoja nini huko nyuma? Abel ndiye kaka mkubwa. Pita mbele.”

Akampisha. Sikudhani siku moja nitampenda Maud, lakini nilimpenda.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kaburini kwa Bibi Ruth. Mama aliumega mkate, akaweka kipande juu ya jiwe. “Mama, huu hapa. Tusamehe, tumechelewa.” Kisha akaonja. “Miaka sabini! Na wala hauna chumvi!” Akacheka, akalia, nami nikamsaidia yote mawili.

Wakusalimu Bwana Tunnicliffe, mume wangu Ralph na, usishangae, Maud mwenyewe. Mbusu Mkazamjomba Noreen kwa niaba yetu. Mola awatunze nyote, awape pumzi ndefu.

Ulipopanda meli uliapa kwamba hutakanyaga Ellerby mpaka mkate wa Keld uingie mlangoni kwetu. Mjomba, uko mezani. Mama ameutenga nusu na hataki mtu auguse. Nimemwambia utakauka kabla hujafika. Akasema, “Na ukauke. Cyril atachovya kwenye chai.”

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,

Avis