Vifurushi Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 5 Juni

Mvua tangu asubuhi. Nimemaliza kukagua diski ya Mjomba Fan. Vifurushi 312, kila kimoja siku moja ya kurekodi nyimbo za wachuma chai. Miaka kumi na minane amepanda vilima vyetu na kinasa sauti chake! Amezibana zote zienee kwenye diski moja. Kila faili ndani ya kifurushi lina namba yake ya ukaguzi. Mashine inafungua, inapiga hesabu upya, inalinganisha. Namba zikilingana, faili ni zima. Zisipolingana, limeharibika.

Vifurushi arobaini na kimoja vimekataa.

Nimempelekea Bi Peng ripoti kabla ya chakula cha mchana. Mkurugenzi hapendi kungoja. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina miaka kumi na mmoja kwenye kiti hiki, sijawahi kurudishiwa ripoti. Basi, akasema, hivyo vinakatwa kwenye orodha. Ijumaa anasaini, na hazina kuu ya sauti, Taipei, itapokea vilivyobaki tu. Masikini Mjomba. Lakini kazi ni kazi.

Jumanne, 6 Juni

Mjomba Fan kaja mwenyewe. Miaka sabini na tisa, koti la mvua linachuruzika hadi mezani kwangu.

"Su-chin, unasema nyimbo zangu zimeoza?"

"Sijasema zimeoza, Mjomba. Mashine ndiyo—"

"Mashine! Mashine ilipanda lini mlima kumbembeleza bibi wa miaka tisini aimbe?"

Akataka kuona orodha. Kidole kikasimama kwenye namba 88. Bibi Lai, wa Shihtan. Alikufa majira ya baridi baada ya kurekodiwa, hakuna mwingine aliyewahi kumrekodi. Kompyuta ya Mjomba ilikufa mwaka jana. Diski hii ndiyo pekee. Kaapa kwamba alikagua kila kifurushi mara mbili kabla ya kukifunga.

Na mimi, na mdomo wangu huu: nikamwambia umri, Mjomba, macho huchoka.

Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Chai hakuigusa. "Macho yangu yanaona vizuri sana," akasema, "hata yanamwona mtu asiye na adabu." Akaenda zake.

Jumatano, 7 Juni

Nimerudia ukaguzi. Sikuwa na shaka — nilitaka tu nimchapishie Mjomba ushahidi, aone kwa macho yake makali.

Makosa 37.

Juzi 41, leo 37? Tena namba 88 imepita, nzima kabisa! Na namba 14, iliyokuwa safi Jumatatu, leo ndiyo mbovu. Nikarudia mara ya tatu: 44, karibu zote mpya.

Hapo nikacheka peke yangu ofisini. Mgonjwa wa kweli hahami kitanda kila saa. Kitu kikiharibika ndani ya diski kinabaki palepale. Makosa yakitembea, basi vifurushi havina neno — anayepima ndiye mgonjwa!

Nimezima programu ya kinga dhidi ya virusi, nikapima. Makosa. Nikaiwasha, nikabadilisha waya wa diski. Makosa. Kimoja kwa wakati, sio viwili. Ukinywa dawa mbili pamoja hujui ipi imekuponya. Kesho nitakukamata. Sina wasiwasi hata kidogo.

Alhamisi, 8 Juni

Nimekukamata!

Nilileta kompyuta yangu ya nyumbani. Diski ileile, programu ileile: vyote 312 vizima. Nikarudia. Vizima. Kwa hiyo tatizo ni sanduku la ofisini. Nikalifungua, nikapuliza vumbi. Ndani vibao viwili vya kumbukumbu: cha zamani, na kile tulichoongeza mwezi Machi ili mashine iende mbio. Nikachomoa kipya. Makosa: sifuri. Nikarudisha kipya peke yake. Makosa 52!

Ni hapo mashine inaposhikilia mambo kwa muda inapofungua kifurushi. Kibao kibovu kinasahau herufi moja hapa, moja pale. Ukiandika barua huoni kitu. Lakini namba ya ukaguzi haisamehe hata herufi moja, na lawama inamwangukia mwenye kifurushi.

Bi Peng kasikiliza yote amesimama.

"Na ripoti ya Jumatatu?"

"Nipe niichane. Ni yangu."

"Dada Chiu," akasema, maana kazini huniita kwa jina la ukoo, "wewe hata ukikosea, unakosea kwa sauti ya kujiamini." Lakini alikuwa anacheka.

Ijumaa, 9 Juni

Amesaini. Vyote 312!

Jioni nimekwenda kwa Mjomba, uchochoro wa nyuma ya kinu cha tambi, na mfuko wa pichi. Nikainama mlangoni, nikasema: Mjomba, mashine ilikosea, na mimi nilikosea zaidi ya mashine. Akavuta kiti kwa mguu. Nikakaa.

Nikamfungulia namba 88 kwenye kompyuta yangu. Bibi Lai anakohoa, anamwambia Fan ahame kwenye moshi, amekaa kama mbuzi mgeni. Kisha anaimba. Mjomba alifumba macho, vidole vikipiga goti. Wimbo ulipoisha akamenya pichi, akanipa nusu.

Kisha akauliza, polepole tu: "Hiyo mashine yenu inaumwa tangu lini?"

"Tangu Machi, Mjomba."

"Na tangu Machi umewapimia akina nani?"

Nikaiweka chini nusu yangu ya pichi.

Jumamosi, 10 Juni

Ofisini peke yangu, daftari la kupokea limefunguliwa. Tangu Machi ni mkusanyiko mmoja tu mwingine. Bwana Hsu, hekalu la bondeni, sala za mazishi alizosoma baba yake. 18 Aprili. Vifurushi 60, vibovu 23, vimefutwa. Sahihi yangu, na mkia wake mrefu wa majivuno.

Sikuvipima mara ya pili. Nilimpigia tu, nikamwambia vimeharibika. Na yeye akanishukuru!

Nimempigia sasa hivi. Nimemweleza yote bila kupamba: havikuwa vibovu, nilivifuta vikiwa vizima. Akasema diski ya awali alikuwa nayo, ila mwezi uliopita wamehama nyumba, na kwa kuwa mtaalamu alishasema ni mbovu... Ngoja, akasema, niangalie.

Kaweka simu mezani. Naandika huku nimeibana kwa bega. Nasikia droo. Nasikia mkewe akiuliza ni nani huyo asubuhi yote hii.

"Yule mama wa kompyuta."

"Aliyesema vimeharibika?"

Droo nyingine. Masanduku yanaburutwa. Mashine yangu iko tayari, kibao kizima peke yake, nimeijaribu mara tatu. Kama diski ipo, nitavipima hata mara kumi mbele yake. Nitakwenda mwenyewe hadi bondeni. Kama ipo.

Mke kasema kitu, sikukishika.

Nasikia kandambili zake. Anarudi kwenye simu, anatembea taratibu.