Kiti cha Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamfukuza mtu nyumbani kwangu halafu nikajuta.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ana miaka mitatu, kazi yangu ni kupiga pasi mashuka hotelini, kutwa nimesimama kwenye mvuke, jioni miguu imevimba mpaka viatu navivua kwa kuvuta, na mume wangu ni dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo mtoto anashinda na wifi yangu, msichana mzuri tu, sina la kumsema.

Shida yangu ni basi. Kituo chetu kiko katikati ya njia, na asubuhi kila basi la mjini likifika kwetu limeshajaa, unasimama kwapa la mtu liko puani, unakanyagwa, foleni haisogei, unafika kazini umechoka kama mtu anayetoka kazini. Basi nikajifunza ujanja wa wenzangu, natoka alfajiri, navuka barabara, napanda basi linalorudi kule linakoanzia, na likifika mwisho wa njia sishuki, nageuza nalo, nakaa dirishani mpaka mjini. Nimefanya hivyo tangu mtoto anatambaa, mpaka makondakta wamenibandika jina la Mama Dirishani na wananiwekea kiti. Jioni nageuza vilevile, nikifika nyumbani mtoto ameshalala.

Sasa Jumapili iliyopita naingia ndani na ndoo ya nguo, mtoto akanitazama, akaenda kuleta kigoda, akakisogeza mbele yangu na kuniambia, "Karibu ukae," vile shangazi yake alivyomfundisha kukaribisha wageni. Wifi akacheka, mimi sikucheka. Baadaye kidogo mtoto akajikwaa kizingitini, nikanyoosha mikono, akanipita huku analia, akaenda kwa shangazi yake. Mshauri, niliumia, nikamwambia wifi kwamba huyu ni wangu, akitaka wa kwake akazae. Tangu siku hiyo nikiingia jikoni, yeye anatoka. Mume wangu kwenye simu anasema niache kazi, lakini lori peke yake halitulishi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Basi likishageuka linapita tena pale kituoni kwetu, nyumba yetu iko upande wa dirisha langu, naiona taa ya jikoni imewaka, najua mwanangu ameamka, na mimi nakumbatia mkoba, nafumba macho. Kile kiti nakipenda. Ni mahali pekee ambapo hakuna anayeniita. Nimrudishe wifi kwao, au niache kazi?

Mama Dirishani

*

Mama Dirishani, pole. Pole ya miguu, pole ya makwapa ya watu, na pole zaidi kwa kile kigoda. Hakuna mama anayekaribishwa nyumbani kwake na mwanawe halafu akalala usingizi. Na kukipenda kiti chako si dhambi. Mtu anayesimama kutwa ana haki ya kukaa, na anayeitwa kila dakika ana haki ya kuachwa kidogo.

Ila sasa nivumilie, maana nitakusema. Wifi amekukosea nini? Amemfundisha mwanao adabu. Na kazi nayo haikuiti alfajiri. Basi unalokwenda nalo kazini ni hilohilo linalopita kituoni kwenu taa ya jikoni ikiwa imewaka. Ungelipandia hapo ungefika saa ileile. Kinachokutoa nyumbani gizani ni kiti, mama, wala si kazi. Umekipata kwenye basi, na nyumbani ukapewa cha mgeni.

Leo hii, kabla hujala, mwombe wifi msamaha. Usijifiche nyuma ya zawadi, sema kwa mdomo wako. Kisha, asubuhi miguu imetoka kupumzika, kwa hiyo asubuhi simama. Ndiyo, utakanyagwa. Makondakta waliokupa jina waambie ukweli kwamba una mtoto. Wanaoweza kukuwekea kiti wanaweza pia kukutafutia pa kushika. Jioni geuza na basi utakavyo, fumba macho, hiyo ni yako na mtu asikuulize. Siku magoti yakigoma kabisa, geuza asubuhi pia, ila isiwe desturi. Na hotelini zungumza na msimamizi mpokezane, wengine wapige pasi, wengine wakunje mashuka wameketi. Miguu iliyovimba kila jioni ionyeshe kwa daktari, usiizoee.

Mtoto usimgombeze, wala usimhubirie kwamba mama ni wewe. Mwamshe wewe, mnawishe uso wewe, mnywe chai pamoja, akimwaga umfute. Shangazi yake aendelee kupendwa, mapenzi ya mtoto hayana foleni.

Kwa hiyo kesho taa ya jikoni iwashe wewe, halafu ndipo ukapande basi. Likipita mbele ya nyumba yenu pengine taa hutaiona, vichwa vya watu vitakuziba. Haidhuru. Utajua nani ameiwasha, na mwanao naye atajua.