Mwisho wa Kamba ni wa Aimé

Jumapili, 2 Machi

Trela ya gemu imetoka! Nimeiangalia kabla ya ibada, baada ya ibada, na tena kwenye treni. Mnara wa tatu. Jina lake lenyewe ni la Kiingereza, refu, hakuna anayelitaja. Kwetu ni Mnara tu. Watu wanne wamefungwa kamba moja, wanapanda ukuta usioisha. Mmoja akiteleza wenzake wanamshika. Wawili wakiteleza mnaanguka wote, mnaanza chini. Basi. Lakini mtu aliyeshusha maboksi wiki nzima anajua utamu wa kufika juu ya kitu.

Safari hii kuna theluji. Kuna popo. Na mwisho kabisa, kabla picha haijazimika — kisu! Mkono unachomoa kisu kiunoni, halafu giza. Tangu hapo simu haijanyamaza. Révérien, mwenzangu wa kazini, anasema kisu ni cha kukatia mizizi inayoziba njia. Waceke amemcheka. Yeye ni Mkenya, anatunza wazee Parramatta, na mdomo wake hauna breki. "Buda, hiyo kisu si ya mboga," amesema. "Ni ya kukata yule anatuvuta chini. Na sote tunamjua."

Ni mimi.

Timu yetu ni sisi watatu wa hapa Sydney, na mdogo wangu Aimé kule Bukavu. Mimi mbele, kisha Waceke, kisha Révérien, Aimé mwisho. Aimé anacheza kuliko sisi sote, yeye ndiye wa kukaa mbele. Hataki. Kwetu mdogo hapiti mbele ya mkubwa wake, si mlangoni, si kwenye sahani, na yeye amelipeleka hilo mpaka ndani ya gemu. Hata nikipotea njia, anangoja nyuma nipotee mpaka nichoke. Waceke hutucheka, eti tunapanga mstari kama wa komunyo.

Nimemtumia trela. Tiki moja. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi, ni tiki moja tu, ujumbe haufiki.

Jumanne, 4 Machi

Kontena la matairi leo. Joto la ndani ya bati! Shati linalowa, linakauka, linalowa, mpaka limebaki na ramani za chumvi. Révérien yuko kwenye foklifti, na kila akija kuchukua paleti ananiachia habari moja ya Mnara. Akirudi, nyingine. Upepo utasikika masikioni. Ukuta utabadilika kila siku. Révérien ni Mrundi, alikulia kambini Tanzania, na anasema Mnara ndiyo nchi pekee iliyowahi kumpokea bila kumhoji. Bosi akauliza tunacheka nini. Nikamwambia theluji. Akatazama juu, jua kali, akaenda zake.

Kwenye ukurasa wa mashabiki wa Kiswahili kuna vurugu nzuri. Mtanzania mmoja ameandika matumaini yake kwa Kiswahili kilichonyooka kama hotuba, anaomba wapandaji wavae vitenge badala ya makoti. Mwingine anataka kila mtu akiteleza apige ukelele wa kwao. Mwingine anasema mkewe ameapa kuhama siku gemu likitoka, kwa hiyo anaomba tarehe kamili. Nilicheka peke yangu, mdomo umejaa wali.

Halafu nikakumbuka nani angelicheka hilo zaidi.

Aimé ana salle ya gemu huko kwetu, mtaa wa Kadutu. Chumba kimoja, televisheni za zamani, jenereta nje, watoto wanakuja kucheza mpira. Asubuhi akimaliza kufagia anachukua tableti ya salle, anaingia Mnara. Kwetu huku ni jioni, nimetoka kazini. "Grand, umekula?" Grand, yaani kaka mkubwa. Hilo ndilo neno lake la kwanza siku zote, kabla hata hajajifunga kamba.

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo! Timu za zamani zitaingia kwenye majaribio Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya dunia nzima. Lakini kila mmoja akubali mwaliko kabla ya Ijumaa jioni, siku moja kabla. Nafasi ikibaki wazi, kapteni aweke mtu mwingine. Asipoweka, timu nzima inafungiwa nje. Na aliyeondolewa jina lake linafutwa, pamoja na kila mnara aliowahi kuumaliza.

Kapteni ni mimi.

Waceke amekubali hapo hapo. Révérien amekubali akiwa juu ya foklifti, nusura agonge nguzo. Na mimi nimekubali. Kwenye jina la Aimé pameandikwa: anasubiriwa.

Nimempigia. Anajibu yule mwanamke wa mtandao, kwa Kifaransa, kwa upole. Nimempigia tena. Angalau kuna mtu anajibu kutoka kule.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekutana Parramatta, kwenye ngazi za kando ya mto, pale feri zinapogeukia. Waceke alikuja na sare ya kazi. Tulikula chipsi. Mwanzoni ilikuwa raha. Imevuja habari kwamba kisu anakipata yule wa mbele peke yake. Waceke akasema basi tumekwisha, huyu hata kitunguu anaogopa.

Halafu Révérien akafuta mikono. Ana binamu, Niyonzima, yuko zamu nyingine hapo hapo ghalani kwetu. Vidole vyepesi. Angeweza kushika ile nafasi ya mwisho. Kwa muda tu. Alirudia "kwa muda tu" mpaka likapoteza maana.

Nilimwambia kamba yetu si basi, kwamba mtu akishuka mwingine anakaa. Akasema hakumaanisha hivyo. Nikamwambia umemaanisha, kwa sababu tangu umefika hujataja jina la Aimé, unasema "ile nafasi". Nikamwuliza kama kule kambini kwao waligawa kitanda cha mtu kabla hajazikwa. Lilinitoka tu. Akaikunja karatasi ya chipsi, ikawa ndogo, ndogo zaidi, mpaka ikawa kama jiwe.

Ndipo akasema: "Bala, hiyo nafasi unamwekea Aimé, ama unajiwekea wewe?"

Feri ikaja, watu wakashuka na baiskeli zao. Révérien alinirudisha nyumbani Quakers Hill kwa gari lake, redio imezimwa.

Jumatatu, 10 Machi

Simu. Jirani wa kwetu, amevuka mpaka, ana namba mpya. Salle imevunjwa. Mlango uko chini. Watu wenye silaha wamebeba televisheni zote, na vingine vyote vya ndani. Aimé alikuwa amelala mle kulinda. Asubuhi palikuwa na damu kizingitini na sandali moja. Mwili hapana.

Jirani alisema pole, laini ikakatika.

Sandali ya rangi gani? Sikuuliza. Namba haipatikani tena.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba hii ni ya Mama Chibalonza, mimi nimepanga chumba cha nyuma. Ni mtu wa Bukavu, anaongoza akina mama kanisani. Kuta ni nyembamba, kwa hiyo alisikia. Leo nimemkuta jikoni na wenzake wawili, wamevaa vitenge vya ibada katikati ya wiki. Nikajua. Wanataka kufanya kilio Jumamosi, hapa sebuleni.

Niliwaambia maiti haipo. Akasema vita hivi haviachi maiti, ndiyo maana siku hizi tunalilia picha. Kaka yake alimlilia hivyo. Mtoto wa dada yake pia. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua maharage.

Nikasema mnamzika mtu akiwa hai. Akaacha maharage. "Mwanangu, hulali, huli, unaongea na simu. Unataka tukulilie wewe?"

Nilipotoka kuoga, picha ya Aimé ilikuwa tayari kwenye kundi la kanisa. Ile ya shati la njano. Wameiwekea mishumaa pembeni, na njiwa. Pole, pole, pole, zinashuka kama mvua, na katikati mtu anauliza kama kuna pa kuegesha gari.

Wamenifuata mpaka chumbani, nimesema ndiyo. Nilitaka tu watoke mlangoni kwangu. Mama Chibalonza alinishika kichwa kama mtoto. Sikulia.

Alhamisi, 13 Machi

Matairi. Tiki moja.

Ijumaa, 14 Machi

Mapumziko ya mchana nilikaa juu ya paleti, nyuma ya ghala. Nikawaza: kama kesho namlilia, leo namshikia nafasi ya nini? Na wale wawili wameungoja Mnara huu miaka. Kitu gani kingine tunangoja sisi hapa? Nikafungua timu. Jina lake. Ondoa. Una uhakika? Nikabonyeza ndiyo.

Simu ikakataa.

Haiwezekani kumwondoa. Mchezaji huyu amekubali mwaliko.

Nilisoma tena. Nilisoma kwa sauti. Jina lake lilikuwa la kijani! Nikampungia Révérien glavu. Alikuja na foklifti, paleti bado iko juu. Akasoma, akabonyeza honi na hakuiachia. Bosi akatoka, watu wakatoka. Révérien akashuka, akanikumbatia, ilhali tangu siku ile ya mtoni tulikuwa hatusemeshani. Tukampigia Waceke. Akaanza kulia huku anamlisha mzee wake. Mzee akauliza nani amekufa, nikamsikia Waceke anamwambia hakuna, babu, leo hakuna aliyekufa.

Tulipokuwa garini, Révérien akapunguza mwendo. Akasema polepole, macho barabarani, kwamba ile tableti ya salle haina neno la siri. Watoto wote wa Kadutu waliifungua. Nikamwambia najua. Akasema hamaanishi kitu, anasema tu. Nikamwambia najua, endesha.

WhatsApp bado tiki moja.

Mama Chibalonza alinisikiliza akiwa amesimama, kisu cha nyama mkononi. Hata watu wa mbali, wa Wollongong, wamealikwa. Mwishoni akasema waje tu. Gemu inafunguliwa kesho jioni? Basi mbele yetu sote utamwita. Tukisikia sauti yake, tutajua ni wimbo gani wa kuimba.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika bafuni. Nimefunga mlango.

Sebule imejaa, viatu mpaka nje. Picha ya shati la njano iko juu ya televisheni. Mishumaa ipo, haijawashwa, walikuwa wananingoja. Niliingia Mnara mbele yao, akina mama wameniinamia begani watazame. Theluji, kama walivyoahidi. Nzuri! Upepo unasikika kweli. Waceke akaingia. Révérien akaingia. Halafu yeye. Koti jekundu, lile alilolipata Mnara wa kwanza, na jina juu ya kichwa. Mama Chibalonza alipiga kigelegele.

Nikasema, Aimé. Kimya. Nikasema, mdogo wangu, ni mimi, umekula? Alama ya sauti yake inawaka, kwa hiyo ananisikia. Mtu anapumua. Nyuma yake jenereta, na mbali kidogo watu wanacheka.

Kisha akatembea. Alikuwa nyuma, mahali pake. Akampita Révérien. Akampita Waceke. Akaja mpaka nilipo, akasimama, uso wake kwenye uso wangu. Akanipita. Akajifunga mbele, na kisu kikatoka kiunoni kwangu kikahamia kwake.

Kisha Révérien, kwa sauti ndogo: "Balagizi. Huyo si mdogo wako."

Waceke akasema subiri. Labda tableti imeharibika. Labda ameumia vidole. Labda huko aliko hajui tena nani mkubwa. Alisema labda nyingi, na sauti yake ilikuwa inaisha. Nikakimbilia huku na simu.

Hajawahi kunipita. Hata siku ninaondoka Bukavu, begi langu kichwani kwake, njia nyembamba, matope, mimi natembea polepole kwa makusudi — alibaki nyuma. Nilimwambia pita. Akasema nitapita wapi.

Mama Chibalonza anagonga. Anauliza kupitia mlangoni, taratibu: mwanangu, tuwashe mishumaa?

Simu iko ukingoni mwa sinki. Ameanza kupanda. Anapanda vizuri, vizuri sana. Anajua pale jiwe linapolegea. Nani mwingine anajua pale? Kamba kati yetu inanyooka. Nisipomfuata tutaanguka wote. Nimetazama nyuma. Mwisho wa kamba, baada ya Révérien, pako wazi, theluji tupu.

Anagonga tena. Nimesema kwa sauti, ngojeni. Nimesema na kwenye simu, ngoja. Huyu wa mbele amesimama. Amegeuka. Bado anapumua, na hapandi, hashuki, ananitazama tu, mkono uko kiunoni, kwenye kisu, na mimi bado nimeshika kamba.