Bisibisi Nyembamba

Dada yangu,

Huku tu wazima, na bega la mumeo linapona. Alikwambia aliteleza ngazini. Hakuteleza. Aliangukiwa na trei ya nyaya, lile bati la kubebea nyaya za umeme darini, niliyoifunga mimi. Boliti za bati zinataka bisibisi pana, inayojaa kwenye mfuo wa kichwa. Nilikuwa juu ya ngazi na bisibisi nyembamba, nikaona uvivu kushuka kufuata pana. Ikala mifuo ya vichwa, boliti hazikukazika, nami nikanyamaza.

"Funga bakuli lako, shemeji," alisema huku akiugulia. "Watakufukuza, na dada yako atalia."

Basi usimgombeze tena kwa uzembe. Kesho namweleza msimamizi. Kufukuzwa nitavumilia. Ila kila jioni mumeo ananipakulia chakula kwa mkono mmoja, nami nakula.

Nisamehe ukiweza,
Mdogo wako