Breki Umeziweka Mwisho

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mgongo unanikumbusha umri. Nyie je?

Kaa chini kwanza. Lile gari kubwa jeusi la bosi, alilokuwa akiliendesha marehemu baba, liko uani kwangu. Watoto wa bosi walitaka kuliuza chuma chakavu, nikaliomba. Lina kutu, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Lakini kaka, ukifunga mlango haulii, unashusha pumzi tu. Nikabandua ubao wa mlango: kule ndani, ambako hakuna jicho litakalofika, ngozi imeshonwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Mtu alishona vile akijua hatasifiwa. Nilikodoa macho mpaka chai ikapoa.

Mshahara wa kulinda ghala unaujua, kwa hiyo nitakwenda kwa awamu. Mwaka huu rangi na viti, mwakani injini, halafu nyaya, breki mwisho. Wewe ndiye fundi, nishauri.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama, shemeji yako anakusalimu.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Unaanza na rangi? Huko ni kumpaka maiti poda. Breki kwanza, maana gari likiwaka lazima liweze kusimama. Kisha injini: usinunue hata boliti kabla hujajua kama inazunguka. Tia oili kwenye silinda, iache wiki, izungushe kwa mkono. Halafu nyaya, halafu bodi. Rangi na ngozi ukibakiwa na hela. Mwenye haraka hupaka rangi mara mbili.

Ila wewe si mjinga, umekulia kwenye gari lile. Mbona breki umeziweka mwisho?

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Afya ipo, raha ndiyo sina.

Injini imezunguka. Imelala miaka yote ile, na imegeuka laini mkononi mwangu. Halafu nikaona aibu. Chuma kimetunza uaminifu wake, mimi je?

Umeuliza, nakujibu. Siku ile gari liliposerereka mteremkoni likambana baba mguu getini, wewe ulikuwa umelipaki vizuri baada ya kuliosha. Handbreki uliivuta. Mimi niliingia kucheza udereva, nikaiachia, nikashuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watu waliposema umesahau, nilinyamaza. Baba akapoteza kazi, ukahama nyumbani, nikanyamaza. Ulipomwomba baba radhi pale kaburini nilikuwa pembeni yako nimeshika koleo, na bado nikanyamaza.

Ile handbreki siwezi kuigusa. Nisamehe, kaka, ukiweza.

Mdogo wako

30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijaona jibu. Gari nimelifunika turubai.

Mdogo wako

17 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima.

Mara mbili nilikuandikia, nikachana. Unajua, mimi mwenyewe niliamini kwamba nilisahau. Nilikumbuka kabisa kwamba nilivuta, lakini watu wazima wote waliposema sikuvuta, nikaacha kuuamini mkono wangu. Ndiyo maana nikawa fundi breki. Miaka thelathini na moja, kila gari la mteja navuta handbreki, naondoka, narudi, navuta tena. Mafundi wenzangu wananiita Rudi-Rudi.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Hilo nalo litakwenda kwa awamu. Breki usiguse, nakuja mwezi ujao kuzifanya mwenyewe.

Jana nimepaki gari la mteja mteremkoni. Nikavuta mara moja. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Nimeamka nauangalia huu mkono kama mgeni. Sikurudi.

Kaka yako